Jumamosi nne za upanga wa Kihispania pale Malindi: nimelipia upanga nikafunzwa kutembea

Asalaam aleikum jamani, watu kama sita wameshaniuliza kuhusu yale mafunzo ya upanga yanayofanyika juu ya paa la ile nyumba ya ghorofa tatu Malindi ya hapa Unguja, na wengine mmeniona kwenye status nimevaa kama mrina asali mkaanza kucheka, sasa nakuandikieni yote hapa mara moja maana kumjibu mmoja mmoja nimechoka.

Bei kwanza. Elfu themanini kwa Jumamosi nne kwa sisi wenyeji, wageni wanalipa kwa dola na wanalipa zaidi. Tangazo lilisema vifaa vyote vimo. Havimo! Unafika pale ndo unaambiwa ile barakoa ya waya ya kukinga uso inakodiwa elfu tano kila siku, na glavu ulete mwenyewe, mie nikaenda na glavu za gereji za kaka yangu zinanuka grisi mpaka mwalimu akaniuliza kama nimetoka kutengeneza gari. Barakoa nayo ilishavaliwa na watu wa saa nne asubuhi, ukiitia kichwani unapata jasho la mtu usiyemjua. Hilo linanikera mpaka leo, kwa sababu elfu ishirini za barakoa ukizijumlisha inakuwa laki moja kamili, basi si wangesema laki moja tukajua.

Haya, mafunzo yenyewe. Mwalimu ni Mhispania, mtu wa makamo, Kiswahili chake cha kuokoteza Paje lakini anaeleweka, tukamwita maalim na mwenyewe akalipenda hilo jina. Mie nilikwenda na picha ya sinema kichwani, kuruka juu ya meza, kuning'inia kwenye kamba, panga zinagongana kwa cheche. Jumamosi ya kwanza saa mbili nzima hatukushika upanga. Alichora duara kubwa sakafuni kwa chaki, akakata mistari ndani yake kama somo la jometri la fomu tuu, akatwambia tembeeni. Tukatembea. Kulia, kushoto, pembeni ya mstari, mwili umesimama wima kama unaswalisha, magoti hayakunjwi sana, na uso daima umemuelekea mwenzio. Dada mmoja wa Mkunazini akasema kwa sauti, mie kutembea nafahamu tangu nna mwaka mmoja, nirejesheeni changu.

Lakini Jumamosi ya pili nilielewa. Alimuita kijana mmoja akamsimamisha mbele ya ukuta, akamwambia nyosha mkono usawa wa bega, na upanga nao unyooke sawa na mkono. Ncha ikagusa ukuta. Haya, nyanyua kidogo. Ncha ikaachia ukuta. Shusha chini ya bega. Ikaachia tena, nafasi ya vidole vinne inapita hapo. Khalas, hakuongeza neno, sote tumeona kwa macho yetu kwamba mkono ukikaa pembe ya nyuzi 90 na kiwiliwili, ile ile ya skuli, ndo upanga unafika mbali kuliko kote. Kwa hivyo Mhispania hasimami kachuchumaa kama mwizi wa kuku, anasimama wima kanyosha upanga mbele, na wewe ukimjia mbio moja kwa moja unajichoma mwenyewe, unakuwa mshikaki wa Forodhani. Ndo maana ya lile duara: mbele hapapitiki, basi zunguka, tafuta pembe ambayo ncha yake haikutazami na yako inamtazama.

Na umbali una kipimo chake. Mnasimama, ncha ya mwenzio isipite kile kikombe cha chuma kinachokinga mkono wako, hapo ndo pahala pa kuanzia, hatari haijaingia bado. Wao wanapaita kwa jina lenye maana ya umbali wa uwiano, maalim alikuwa akipita na kutusogeza mabega kama anayepanga safu za sala.

Upanga wenyewe nao nisiuache. Ni wa mazoezi, makali hauna, ncha imefungwa kifundo, uzito kilo moja na kidogo, unauona mwembamba ukadhani mwepesi, hebu unyooshe mbele dakika tano uone bega linavyokuadhibu. Urefu wake mfalme Felipe II aliuwekea sheria mwaka 1564, ule wembe wenyewe usizidi robo tano za vara, kipimo chao cha zamani, ambayo ni kama sentimita 104 hivi. Bibi yangu angesema shubiri tano bas. Jina lao unaitwa ropera, yaani upanga wa mavazi, kwa sababu mtu alikuwa akiuvaa na nguo zake za kutokea, kama wazee wetu na jambia na kanzu siku ya harusi.

Hii elimu yote wanaiita Verdadera Destreza, ustadi wa kweli, na hilo neno kweli limewekwa makusudi, ni kijembe kwa walimu wa zamani waliokuwa wakifundisha mapigo kama mtu anayekariri bila ya kujua sababu. Aliyeanzisha ni Jerónimo Sánchez de Carranza, mtu wa Sevilla, kitabu chake alikimaliza 1569 kikaja kuchapishwa 1582, na humo kila kitu anataka kukithibitisha kwa jometri na falsafa. Halafu akaja Luis Pacheco de Narváez na kitabu chake cha mwaka 1600, huyu mwanzo alimsifu Carranza kama mwanafunzi mwema, baadae akamgeukia akawa anamkosoa. Hii hadithi ya mwanafunzi kumgeuka sheikh wake sisi si wageni nayo. Mwisho akawa mwalimu wa upanga wa mfalme Felipe IV. Sasa kisa nilichokipenda: inasimuliwa kwamba mwaka 1608 Pacheco alibishana na mshairi Quevedo, mtu wa miguu mibovu, kuona kwenyewe mpaka miwani, wakaambiana haya tuthibitishe, na yule mshairi akamvua profesa kofia kwa ncha ya upanga mbele za watu. Uadui wao haukwisha tena. Maalim alipomaliza kusimulia dada wa Mkunazini akauliza, sasa hizo hesabu zilimsaidia nini? Maalim akacheka mpaka akakaa chini, jibu hakutoa.

Jumamosi ya tatu ndo ilinilipa pesa yangu, hata za barakoa. Kuna kitu kinaitwa atajo, unaweka upanga wako juu ya wa mwenzio, sehemu yako ya karibu na mpini inakalia sehemu yake ya karibu na ncha. Mwenye kujua upondo wa ngalawa atanielewa upesi, ushike mwisho mmoja uunyooshe, mtoto wa miaka mitano anakusukumia ncha kwa kidole, lakini karibu na mkono wako hata mtu mzima hausogezi. Nilifanya na jamaa mmoja wa gym, mkono wake kama paja langu, nikamkalia upanga wake hivi kwa utaratibu na akashindwa kuutoa mpaka auzungushe chini ya wangu, na wakati anazunguka mie ncha yangu iko kifuani kwake. Wallahi nilijiona mtu.

Hapo tena inaingia ile habari ya mienendo. Wanaigawa sita, upanga kwenda juu ni mwendo wa kulazimisha, kushuka ni wa maumbile kwani kitu kizito kinataka kwenda chini chenyewe, halafu kuna wa kando, wa kurudi katikati, wa kwenda mbele na wa kurudi nyuma. Nilidhani majina matupu. Kumbe ndo hesabu yenyewe: mtu akitaka kukukata lazima kwanza anyanyue, ndo ashushe, mienendo miwili au mitatu, wewe unahitaji mmoja tu, wa mbele. Ukiuona mkono wake unapanda unajua una nafasi.

Jumamosi ya nne mvua ilinyesha, chaki yote ikasombwa, tukahamishwa chumba cha chini kilichojaa makasha na pikipiki, duara halikuenea, tukaishia kufanya ule mchezo wa kuingia karibu na kumkamata mwenzio mpini wa upanga wake kwa mkono wa kushoto. Ulikuwa mzuri lakini watu kumi na mbili chumba kile, tukigongana mgongo kwa mgongo, na siku haikufidiwa. Mratibu tukamuuliza akasema tutaangalia, na mnajua tutaangalia ya hapa kwetu.

Mjomba wangu wa Wete nilimuonyesha nyendo zile ukumbini kwa fimbo ya ufagio, akanitazama akasema hivi si vya ajabu, wachezaji wa ng'ombe Pemba wanafanya hivyo hivyo, ng'ombe kaja na pembe moja kwa moja, wewe unatoka ubavuni hatua moja, ukirudi nyuma mstari ule ule kakupata. Na ule mchezo wenyewe tunaambiwa tumeachiwa na Wareno, na Wareno wa zama zile, toka 1580 mpaka 1640, mfalme wao na wa Hispania alikuwa mmoja, kwa hivyo kitabu cha Pacheco kinatoka, waliokuwa Ngome ya Yesu pale Mombasa walikuwa raia wa mfalme wake. Mjomba akanisahihisha na goti pia, akisema nnakanyaga kwa kisigino.

Nyota nne kwa maalim, mbili kwa mratibu, gawanyeni wenyewe. Kundi jengine linaanza baada ya Idi. Ukienda, vaa raba zisizoteleza, beba maji lita moja na nusu kwani saa tisa ile sakafu ya paa inawaka, na kabla hujatoa hata shilingi waambie wakuandikie kwenye risiti kwamba barakoa imo. Barakoa ya kwako mwenyewe ukiwa nayo bora zaidi. Glavu za gereji nimezirejesha, kaka anasema sasa zinanuka marashi.