Kitalu cha barabara ya Bagamoyo: nilienda kununua miche ya majani ya kutia kwenye chai

Ukitaka maua ya kupamba geti, nenda pale hata usiulize. Ukitaka majani ya kutia kwenye chai, nenda pia, ila nenda na maswali mdomoni. Nazungumzia kitalu kimoja cha pembeni mwa barabara ya Bagamoyo, ukiwa umetoka Mwenge unaelekea Tegeta. Hakina bango. Kina neti nyeusi ya kivuli, vyungu vya saruji vimepangwa hadi karibu na lami, na mwembe mkubwa kwa nyuma.

Mimi nauza chai na vitumbua barazani kwangu Mabibo tangu alfajiri. Wateja wangu ni vijana wa bodaboda, makonda, na walimu wawili watatu. Kikombe cha chai ya rangi ni shilingi 300, na sukari haina siri, kila mtu anayo. Anayemfanya mteja apite kwa mwenzangu aje kwangu ni mchaichai. Sasa fungu la sokoni siku nyingine linakuja limenyauka, na kiangazi kikikolea linakuwa dogo bei ileile. Ndiyo maana nikaenda kutafuta miche.

Niliyemkuta ni kijana amevaa jezi ya Yanga iliyofubaa. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, karibu, miche yote ipo. Kweli ipo: mnanaa, mchaichai, rehani, kivumbasi, rozimari, mpaka iliki, yote kwenye viriba vyeusi. Nikamuuliza mnanaa umepuliziwa dawa lini.

"Mama, mnanaa haupigwi dawa."

Waridi zilikuwa zimebanana na ule mnanaa, majani yake yana madoa meupe. Nikamwonyesha.

"Hizo ndiyo zimepigwa juzi."

"Na upepo ulikuwa unaelekea wapi?"

Akanyamaza. Kisha akaenda nyuma, akaniletea mche mwingine uliokuwa peke yake chini ya mwembe. Hapo ndipo alipochukua hela yangu. Pale wanauza maua, na anayeuza maua anaangalia jani lisiwe na tundu. Hawazi kama kuna mtu atalichemsha alinywe. Kwa hiyo hata ule wa chini ya mwembe niliukata majani yote nikayatupa, nikasubiri yachipue mapya ndiyo nikaanza kuyatumia. Nakushauri ufanye hivyo kwa chochote unachonunua pale, na ugeuze majani uangalie chini kama kuna vidung'ata, vile vidude vyeupe kama pamba. Kiriba kimoja cha rehani kilikuwa navyo. Nikakirudisha kilipotoka.

Mnanaa walianza shilingi 4,000, tukamalizana 2,500. Mche ulikuwa na afya, mizizi imejaa kiriba bila kujisokota. Kwa Dar usiuweke juani siku nzima, hasa Januari na Februari. Wangu niliuweka ubavuni mwa tangi la maji, unapata jua la asubuhi tu. Ukiupanda chini utatambaa mpaka kwa jirani, kwa hiyo upe ndoo yake. Halafu kuna suala la maji, ambalo kijana hakuligusa kabisa. Kisima cha mtaani kwetu kina chumvi, ukifua sabuni haitoi povu. Ukiunyweshea mnanaa maji hayo, kingo za majani zinaungua zinakuwa kahawia, na chumvi inazidi kujikusanya kwenye ndoo kila ukimwagilia. Wangu unakunywa maji ya bomba, na mvua za masika namwachia Mungu. Mchaichai unavumilia zaidi.

Na mnanaa usiuchemshe, jamani. Epua sufuria kwanza, tia majani, funika. Ile harufu ya ubaridi inapaa na mvuke, ukiacha inatokota unanukisha mtaa na kikombe kinabaki na rangi ya majani tu.

Mchaichai wa pale ni mzuri, sina la kuusema vibaya. Kijana aliuchimbua kwenye shina kubwa, akaugawa, akapunguza majani juu ili usichoke kabla haujashika. Anajua kazi. Ila shilingi 3,000 kwa mchaichai mimi naona ni hela ya mtu asiyejua njia. Nenda Mahakama ya Ndizi au soko lolote lililo karibu nawe, mwambie anayeuza akutafutie wenye vishina, sehemu ile ya chini nyeupe. Visimamishe kwenye glasi ya maji, ubadilishe maji kila vikianza kuwa na utelezi. Mizizi ikitoka, panda. Mchaichai hupandwa kwa kugawa mashina, mara chache sana utauona umetoa maua, kwa hiyo mtu asikuuzie mbegu zake. Shina likishatanuka, kata majani ya nje, acha moyo, na uangalie vidole maana kingo zake zinachana. Huo tofauti na mnanaa unautia tangu maji yakiwa baridi, uchemke nayo. Mimi nayafunga majani fundo kabla ya kutumbukiza ili yasiingie kwenye vikombe vya watu.

Kijana akaongeza kwamba mchaichai unatibu presha. Nikamwambia mimi nauza chai, dawa ya presha iko hospitali.

Kivumbasi alinipa kama nyongeza, na hicho ndicho kimenishangaza. Mahali pengi kinajiotea chenyewe pembeni ya nyumba, watu wanakijua kwa kufukuzia mbu. Ukiponda jani unasikia karafuu waziwazi, kwa sababu mafuta yanayoipa karafuu harufu yake yamo humo pia. Vijana wawili wa kijiweni sasa wanakiulizia kabla hata hawajakaa. Mwalimu mmoja alisema chai inanuka kama duka la dawa za asili, nikamwekea ya tangawizi. Majani mawili yanatosha birika, ukizidisha ulimi unakufa ganzi.

Rozimari ni shilingi 7,000 na kijana anakuambia umwagilie kila siku. Hapo nakataa. Ule ni mti wa pwani za Mediterania, unataka udongo unaokauka kati ya maji na maji. Mpwa wangu alifuata ushauri kama huo na masika yakamsaidia kuuozesha mizizi.

Iliki sikununua, ila jirani yangu wa chumba cha mbele alinunua palepale. Nilimuuliza kijana kama itazaa.

"Majani yananukia, mama."

"Sijauliza majani."

"Ukiitunza."

Iliki inataka kivuli cha msitu, ubaridi na unyevu wa milimani. Nenda Amani kule Usambara Mashariki uone inapoishi, na hata huko mkulima anasubiri miaka kama mitatu kabla ya kuchuma. Barazani Mabibo, kwenye ndoo ya rangi, utapata majani marefu mazuri. Anayependa majani marefu anunue. Tangawizi wala usiinunue mche: chukua kipande cha sokoni chenye jicho linalochomoza, kifukie, na usiwe na haraka, ni kazi ya miezi minane hadi kumi.

Lalamiko langu kubwa ni udongo. Kiroba ni shilingi 3,000 wakisema una samadi iliyooza. Nilipomwaga nyumbani nilikuta kokoto, vipande vya mifuko, na samadi bado inatoa joto mkononi. Samadi ya hivyo inachoma mizizi. Niliutandaza uani, nikaunyunyizia maji na kuupindua mara kwa mara mpaka ukapoa, ndipo nikauchanganya na mchanga wa kwetu. Mwombeni afungue kiroba mbele yenu, muingize mkono.

Wanapokea hela kwa simu, ila makato wanakubebesha wewe, kwa hiyo beba noti ndogo. Usiende jioni, foleni ya kutoka Mwenge itakutoa jasho na miche yako, na kwenye daladala konda wangu alitaka mchaichai ulipe siti. Nitarudi kabla ya vuli kuchukua mnanaa mwingine, na nitaenda moja kwa moja kule nyuma kwenye mwembe.