Seti ya mabango ya vita: picha nyota tano, kijitabu nyota moja

Niliagiza hii seti ya nakala za mabango ya kuandikisha wanajeshi, mengi ni ya Vita Kuu ya Kwanza, na kwa upande wa uchapaji sina neno, karatasi nzito isiyong'aa, rangi zimekolea na yamekuja yameviringishwa vizuri hayana mikunjo.

Sasa ukiyapanga ukuta mmoja ndo unaona ujanja wa hawa watu, yaani mengi adui hata hayupo! Lile la Kitchener, waziri wa vita wa Uingereza, la 1914 alilochora Alfred Leete ni uso, masharubu na kidole basi. Wamarekani wakaja na la kwao 1917, Uncle Sam, yule mzee anayewakilisha Marekani, aliyechorwa na James Montgomery Flagg, zilichapwa nakala zaidi ya milioni 4, na jamaa alitumia sura yake mwenyewe akajizeesha na kujichorea ndevu ili asihangaike kutafuta modo. Kidole kinakuja mbele moja kwa moja na macho yako usawa wako, hata ukihama kiti bado anakukodolea wewe, mi nimemhamishia koridoni.

Ila kiboko ni lile la Uingereza alilochora Savile Lumley 1915. Baba kakaa kwenye kiti chake, binti yuko mapajani na kitabu anamuuliza baba ulifanya nini kwenye Vita Kuu, dogo wa kiume yuko sakafuni anapanga wanajeshi wa kuchezea. Mwangalie baba usoni, hamtazami mtoto, anatutazama sisi, hana jibu. Na kumbuka hapo vita haijaisha, wamekuruka miaka mbele wakakuonyesha aibu ambayo bado hujaipata. Hakuna damu hakuna risasi, sebule tu, na kwangu huo ni ukatili kuliko lile la Hopps la sokwe mwenye kofia ya chuma ya Kijerumani kambeba mwanamke, hilo linatisha mara ya kwanza, ya pili unaona katuni. La Kealey nalo ni hatari, wanawake wapo dirishani wanaangalia wanajeshi wakiondoka na maandishi yanasema wanawake wa Uingereza wanasema nendeni, sasa ukibaki nyumbani utamwambia nini mkeo?

Kilichoniudhi ni kijitabu cha maelezo. Eti mabango ndo yaliwajazia Waingereza jeshi, wakati Januari 1916 walishapitisha sheria ya kulazimisha watu kwenda jeshini, kama vidole vingetosha wangehangaika na sheria ya nini? Halafu lile la Mrusi Dmitry Moor, askari wa Jeshi Jekundu la wakomunisti anayeuliza kama umejiandikisha, wameliweka fungu la 1914 hadi 1918 wakati ni la 1920, vita ya wenyewe kwa wenyewe huko kwao. Uzembe tu.

Walimu wa historia na watu wa matangazo nunueni, kijitabu msikisome. Wakitoa seti ya Vita ya Pili naagiza, ila watafute mtu wa kuhakiki maelezo kwanza.