Kitabu cha kuchora kwa maji: tumekipima kwa safari ya Lubumbashi–Kinshasa

Kwa mtoto wa miaka 3 hadi 5, hiki ndicho tunachokipa alama ya juu kuliko tableti, kreyoni au udongo wa kuchezea. Kurasa zake chache ni za karatasi ngumu iliyopakwa tabaka jeupe. Likilowa, picha ya rangi inatokea. Likikauka, weupe unarudi na mtoto anaanza upya. Hakipigi kelele, na hakina kitu cha kubingirika hadi chini ya viti vya watu. Kutoka Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, hadi Kinshasa ni zaidi ya saa mbili, na kwa kuwa hewa ya ndani ya ndege ni kavu, ukurasa unakauka upesi kuliko nyumbani wakati wa mvua.

Kinachosumbua ni kalamu yake, ile inayojazwa maji ya kuchorea. Lubumbashi iko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, lakini angani shinikizo la hewa ndani ya ndege linaweza kushuka hadi lifanane na la mlimani, mita 2,400. Hewa iliyo ndani ya kalamu inatanuka na kusukuma maji nje. Ndiyo maana kalamu iliyojaa nusu huvuja sana: ina hewa nyingi. Ipitishe ukaguzi ikiwa tupu, uijaze taa ya mikanda ikishazimwa. Ijaze hadi juu, kaza, kisha gusisha ncha kwenye kitambaa ipunguze maji. Tumia maji matupu. Sukari ya soda inaziba tabaka na kuacha doa la kunata.

Mtoto akisugua mahali pamoja, maji yanatuama, ukurasa unajikunja na weupe unachelewa kurudi, naye anachoka kungoja. Beba vitabu viwili, kimoja kikauke huku anachora kingine.

Ndege ikianza kushuka, kiweke kando. Masikio yanaziba, na mtoto anahitaji kumeza: mpe ziwa, maji au biskuti.

Ukikikuta soko la Kenya, hapo Lubumbashi, au dukani mjini, omba kulowesha kona moja kwa kidole. Rangi itokee sawasawa; kidole kikitoka na unga mweupe, kitabu hicho kiache, tabaka litabanduka mapema. Angalia pia kifuniko cha kalamu. Mara nyingi ni kidogo mno, na mtoto wa chini ya miaka 3 anaweza kukabwa nacho. Kama unaye pia mdogo wake, kitoe kabisa kabla ya kupanda.