TAHADHARI: Anayetembeza "oksaidi ya chuma" pale Makoroboi ni tapeli

Wasanii wenzangu wa Mwanza, hasa ninyi mnaofanya kazi za mabati na kutu, yule kijana mwenye begi la mgongoni anayezunguka Makoroboi na rangi za unga anazoziita oksaidi ya chuma, yaani rangi ya kutu, msimpe hata mia. Amekula 108,000 zangu na ameniaibisha kwa mteja wangu, mama yule yule ambaye mnajua nilivyoihangaikia kazi yake tangu masika.

Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi, natoka kununua gundi ya mbao. Akaniona vidole vina kutu. "Dada, wewe ni fundi wa picha, nina mzigo wako hapa." Nikasimama. Akatoa mifuko minne: nyekundu, njano, kahawia, na nyekundu nyingine iliyokolea hadi inakaribia zambarau. Akachovya kidole kwenye ile ya kwanza, akanipaka kiganjani. Jamani, ilikuwa ile nyekundu ya sakafu ya kibaraza cha bibi kule Bwiru, tuliyokuwa tukiipiga nta kila Ijumaa tukiwa watoto. Moyo ukaniambia hii ndiyo yenyewe.

Halafu akatoa sumaku, ya spika ya redio mbovu. Akaipitisha juu ya unga wa njano, na unga ukaruka ukaganda kwenye sumaku kama manyoya. "Chuma hakidanganyi, dada." Akarudia mara tatu, polepole, mpaka wapita njia wakaanza kusimama. Na mimi nikaanza kumsaidia kuwaeleza! Nikawaambia kutu ni chuma kilichoingiliwa na hewa na maji, na kwamba haififii kwa jua. Nikawatajia michoro ya miambani ya Kondoa, ile iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006, kwamba nyekundu yake ni oksaidi ya chuma na bado inaonekana hadi leo. Nimesimama juani kumfanyia mwizi matangazo. Hilo linaniuma kuliko hela.

Msiniulize kwa nini sikwenda duka la vifaa vya ujenzi. Nyekundu ya kuchanganyia saruji ipo na ninaitumia, lakini nani atachora mawe yetu kwa nyekundu moja? Kaeni Capri Point jua likiwa linazama, mtazame Jiwe la Bismarck, ule mwamba wa ziwani: kuna kijivu, kuna njano chafu, kuna michirizi myeupe ya ndege, na chini pale maji yanapolamba kuna kahawia inayokaribia nyeusi. Njano na ile ya zambarau nilizitafuta muda mrefu. Akasema kilo 18,000, nikachukua sita. Wakati wa kulipa kwa simu likatokea jina la mwanamke, akasema ni la mkewe. Nikatuma.

Kazi ya mama mnaijua, picha ya jiwe hilo ya vipande vitatu, gunia juu ya mbao, mchanga wa ziwani, gundi na ule unga, halafu mabati ya zamani kwa ajili ya mitumbwi. Sehemu za mwamba nikaweka nyuzi za chuma za kusugulia sufuria, nikanyunyizia siki na chumvi ili kutu iote pale pale. Siki ilipogusa unga, povu likafura. Nikafurahi! Nikadhani kutu imeanza kushika kwa nguvu. Kumbe ilikuwa chaki. Siki ikikutana na chaki lazima itoe povu, na mimi mtu wa miaka tisa kwenye kazi hii nimesimama pale natabasamu.

Wiki ya tatu mama akapiga simu. "Mwanangu, njoo uliangalie jiwe lako." Ukuta ule unapigwa na jua la mchana. Mwamba umekuwa wa waridi kama pipi. Anga la njano limepauka, na juu yake vidoa vya kahawia vimetapakaa kama upele. Kilichobaki na rangi yake ni mabati na pale kutu yangu mwenyewe ilipoota. Mama hakugomba. Alinimiminia chai, akanyamaza. Nililia kwenye bajaji mpaka Pasiansi.

Nyumbani nikachukua unga uliobaki, nikaukoroga kwenye glasi. Asubuhi chaki imelala chini na maji yamebaki ya njano, maangavu, kama soda. Ni rangi ya mikeka! Njano ya kweli ya chuma ukiikaanga kwenye kijiko inageuka nyekundu. Yake ilinuka plastiki ikawa majivu. Na sumaku sasa: oksaidi ya njano hairuki kwenye sumaku hivyo, wala nyekundu. Nyeusi ndiyo inayovutwa. Kilichoruka siku ile ni vumbi la grenda kutoka kwa wachomeleaji, kalichanganya makusudi, na ndilo lililopata unyevu wa gundi likaota vile vidoa. Kile kile alichokiita ushahidi wake ndicho kilichokuwa uongo wake.

Namba yake haipatikani. Mtu huyu akamatwe. Si wa kuonywa na kuachiwa, afikishwe mahakamani, arudishe pesa za kila mtu na alipe kazi zilizoharibika, maana mimi sasa natengeneza vipande vitatu upya bila kulipwa. Na wachomeleaji wanaomuuzia lile vumbi nao waulizwe anafanyia nini. Kijana ana akili ya kujua sumaku inamshawishi nani, halafu anaitumia kuwaibia watu wanaokula kwa mikono yao! Hapana. Safari hii siachi.

Kwa yeyote atakayekutana naye: dai maji ukoroge unga, yakibaki na rangi chaki ikishalala chini ondoka. Dai ndimu ya kudondoshea, kama linatoka povu ondoka. Njano inayoshika sumaku, ondoka. Jina la kwenye simu si lake, ondoka. Anabadilisha sehemu, juzi ameonekana stendi ya Nyegezi.

Kesho saa tatu naenda kituo cha polisi na mifuko yangu na ujumbe wa muamala. Aliyenunua kwake asitupe unga, auweke kwenye mfuko uliofungwa aje nao, tuandikishe pamoja.