Sponji za Studio na Paneli za Pamba ya Mawe: Tathmini kutoka Chumba Kidogo cha Kurekodia

Chumba ninachorekodia wasomaji wa hadithi na vipindi vya redio kiko ndani ya nyumba yangu Dar es Salaam, na kina urefu wa mita 3.6, upana wa mita 3 na kimo cha mita 2.7. Kuta ni za tofali za saruji zilizopigwa lipu, sakafu ni ya vigae, na dirisha ni la vioo vya kuteleza vyenye fremu ya alumini. Aliyewahi kuzungumza katika chumba cha namna hiyo kabla hakijaingizwa samani anajua kinavyolia: ukipiga kofi moja katikati, kofi hilo linarudi mara nyingi kwa kasi, likiwa na mlio mwembamba kama wa waya uliokazwa. Nimekitibu chumba hiki kwa bidhaa mbili, kwanza kwa vipande vya sponji vyenye ncha vinavyouzwa kama sponji za studio, kisha kwa paneli za pamba ya mawe, ile ambayo wauzaji wengi huiita rockwool, nilizotengenezewa na fundi seremala. Bidhaa ya kwanza siipendekezi kwa mtu yeyote anayerekodi sauti ya binadamu.

Sponji nilinunua vipande 24, kila kimoja cha sentimita 30 kwa 30, na unene wa sentimita 5 ukipima hadi kwenye ncha. Vililetwa vikiwa vimebanwa na kuondolewa hewa ndani ya mfuko, na muuzaji alinihakikishia kwamba vingefura vyenyewe ndani ya siku moja. Vinne havikufura hata baada ya kulowekwa na kukaushwa, na nilipovirudisha dukani nilijibiwa kwamba mfuko ukishafunguliwa hakuna kurudisha. Vilivyobaki nilivibandika kwa gundi, lakini gundi haikustahimili joto na unyevu wa pwani, kiasi kwamba asubuhi nyingi nilikuta kimoja au viwili vimedondoka sakafuni.

Hayo yote ningeyavumilia kama sauti ingekuwa nzuri. Nilipima chumba kwa maikrofoni ya kupimia na programu ya Room EQ Wizard, ambayo hupatikana bure, nikaona kwamba juu ya hezi 1,000 (hezi ni idadi ya mitetemo ya sauti kwa sekunde) mvumo, yaani muda ambao sauti huchukua kufifia chumbani, ulikuwa umepungua kutoka takriban sekunde moja hadi robo tatu ya sekunde, ilhali chini ya hezi 250 mstari wa kipimo kwenye grafu haukusogea hata kidogo. Masikio yalikuwa yameshaniambia hivyo kabla ya kipimo. Herufi zinazotegemea masafa ya juu, yaani mitetemo ya haraka, kama zile za “sh”, “ch” na “s”, zilikuwa zimefifia, na msomaji akisema “shauri” au “chozi” unadhani anasema akiwa amefunikwa shuka. Lakini maneno yanayoanza kwa sauti ya puani, kama “mbona”, “ndoto” na “ng'ombe”, yaliendelea kuvimba vilevile. Lugha yetu ina maneno mengi ya aina hiyo, na kila moja lilikuwa linaacha mkia mzito nyuma yake, hasa kwa msomaji mmoja mwenye sauti nene ambaye neno “ng'ombe” likimtoka linakaa chumbani kwa muda mrefu kuliko sentensi iliyolifuata.

Sababu yake iko katika vipimo vya chumba chenyewe. Sauti husafiri takriban mita 349 kwa sekunde katika joto la nyuzi 30, na wimbi lolote ambalo nusu ya urefu wake inalingana na umbali kati ya kuta mbili hubaki likisimama kati ya kuta hizo na kujiongezea nguvu. Kwa urefu wa mita 3.6 wimbi hilo ni la takriban hezi 48, kwa upana wa mita 3 ni la hezi 58, na kwa kimo cha mita 2.7 ni la hezi 65. Kila moja lina maradufu yake, yaani hezi 97, 116 na 129. Sauti ya mwanamume anayezungumza kwa kawaida huanzia kati ya hezi 85 na 180, kwa hiyo maradufu hayo yanaangukia ndani yake kabisa. Sponji nyembamba iliyobandikwa ukutani haina uwezo wowote juu ya wimbi lenye urefu wa mita tatu. Inapunguza sehemu ya juu ya sauti na kuiacha besi ilivyo, na ndiyo maana chumba changu, baada ya kulipia sponji, kilisikika kibaya kuliko kilivyokuwa kitupu.

Paneli za pamba ya mawe zina habari nyingine. Malighafi yake ni mawe ya volkeno yaliyoyeyushwa na kusokotwa kuwa nyuzi, na huuzwa kwa vipande vya sentimita 120 kwa 60. Nilinunua vipande 24 vya unene wa sentimita 5, vya aina yenye uzito wa takriban kilo 50 kwa mita ya ujazo, na kila paneli ikabeba viwili ili kufikia sentimita 10. Fundi alitumia mbao za paini za inchi moja kwa nne, na nilimwomba asirande upande wa inchi nne, kwa sababu upana huo ukiachwa kama ulivyotoka msumenoni unatosha vipande viwili sawasawa. Nyuma ya kila fremu aliweka wavu wa kuku, ili pamba ishikwe bila kuzibwa.

Tulitofautiana kwenye kitambaa. Fundi aliyezoea makochi alitaka kuvika paneli ngozi ya bandia, akaniambia, “Kaka, ukiweka pamba itashika vumbi, hii unapangusa tu.” Nilimpa kipande cha ile ngozi, nikamwomba aiweke mdomoni apulize, na pumzi haikupita. Kisha nikampa kipande cha marekani, ile pamba ya kawaida isiyotiwa rangi, akapuliza na kuisikia pumzi yake kwenye kiganja upande wa pili. Sauti ni mwendo wa hewa, na kitambaa kinachozuia pumzi huirudisha sauti chumbani, hasa yale masafa ya juu. Kanga nyepesi nayo hupitisha vizuri, na paneli mbili za nyuma nimezivika kanga. Vitenge vyenye nta nzito havifai.

Zilikamilika paneli 12. Nne nimezisimamisha mbili mbili katika pembe mbili za mbele, zikikatiza pembe kwa mshazari, kwa kuwa besi hukusanyika pembeni. Nne nyingine ziko kwenye kuta za kando, mahali nilipopapata kwa kioo: mtu mmoja anatelezesha kioo ukutani nawe umeketi kwenye kiti chako, na pale unapoiona spika ndani ya kioo ndipo paneli inapokaa. Mbili zimening'inizwa darini na mbili ziko nyuma ya msomaji. Zote zimeachwa sentimita 10 mbali na ukuta au dari, na nafasi hiyo haina gharama yoyote ilhali inafanya kazi kubwa. Hewa iliyogusana na ukuta haina pa kwenda, mwendo wake ni kama umekufa, na pamba hunyonya sauti kwa kuupunguza mwendo huo. Ukiisogeza mbali kidogo inaikuta hewa ikiwa bado inatembea.

Matokeo yalinifurahisha sana. Mvumo wa masafa ya kati umeshuka hadi chini kidogo ya sekunde 0.4, na kofi likipigwa sasa linasikika mara moja na kwisha. Kipimo hiki kinakaribiana na hesabu ya Wallace Sabine, mwanafizikia wa Harvard ambaye kuanzia mwaka 1895 alikuwa akiingiza na kutoa mito ya viti usiku katika ukumbi wa mihadhara ili kupima jinsi mvumo unavyopungua: unazidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, kisha unagawanya kwa jumla ya eneo linalonyonya. Kwenye maradufu ya hezi 97 na 116 mikia imefupika kwa kiasi ambacho msomaji wetu mwenye sauti nene alikisikia mwenyewe bila kuambiwa, akiwa amevaa hedifoni na kulirudia neno “ng'ombe” mara tatu kwa mshangao.

Kuna jambo la usalama ambalo nisingependa lipite kimyakimya. Sponji ya poliyurethani isiyotiwa dawa ya kuzuia moto hushika haraka na kutoa moshi wenye sumu. Mwaka 2003 watu 100 walikufa katika klabu ya The Station huko Rhode Island, Marekani, na mwaka 2013 watu 242 walikufa katika klabu ya Kiss huko Santa Maria, Brazil. Mara zote mbili cheche za fataki ziliwasha sponji iliyowekwa kwa ajili ya sauti. Trei za mayai, ambazo wengine hubandika ukutani badala ya sponji, nazo ni karatasi, zinashika moto upesi na hazinyonyi besi. Pamba ya mawe haiwaki, na hilo lilinipa utulivu katika chumba chenye nyaya nyingi na mlango mmoja.

Kasoro zake pia zipo. Pamba inawasha vibaya wakati wa kuikata, kwa hiyo barakoa, glavu na shati la mikono mirefu ni vya lazima, na kazi ifanyike nje. Paneli zinakula nafasi, na chumba changu kimekuwa chembamba waziwazi. Hezi 48 bado ipo karibu kama mwanzo, kwa kuwa sentimita 10 za pamba hazitoshi kwa wimbi la mita saba. Anayetarajia paneli hizi zizuie bodaboda za barabarani au jenereta ya jirani atasikitika, maana kazi yake ni kutuliza sauti iliyomo ndani. Kuzuia ya nje kunataka uzito na kuziba mianya ya mlango na dirisha. Kwa pwani ningeshauri pia fremu zisigusane na sakafu, kwa ajili ya mchwa na unyevu. Kwa mpangaji ambaye haruhusiwi kutoboa ukuta, paneli zinaweza kusimama kwa miguu ya mbao, na za kwangu za nyuma zimesimama hivyo tangu mwanzo bila kuyumba.