Ziwa Ngozi kwa kifurushi cha siku moja: mwongozaji nampa alama zote, mengine tuongee

Wanaoniuliza kama Ngozi, ziwa lililo kwenye shimo la volkeno juu ya mlima huku Mbeya, ina thamani ya pesa yake, jibu langu ni fupi: ziwa ndiyo, kifurushi hapana.

Tulilipia kwa wakala mmoja wa utalii hapa Mbeya mjini, simtaji. Bei yake ilijumuisha usafiri, kiingilio cha hifadhi, mwongozaji na chakula cha mchana. Gari ilichelewa, nalo hilo tumelizoea. Kilichonikera zaidi ni chakula. Ukishatoka Uyole kushika barabara ya Tukuyu unapita kwenye nchi ya viazi, magunia yamepangwa barabarani mpaka Isongole, halafu wewe unafunguliwa chipsi zilizokaangwa mjini alfajiri, baridi, zimelegea, na kipaja cha kuku kilichokauka. Mama yeyote wa pale Isongole angetuchemshia viazi vya moto na chai kwa pesa kidogo tu.

Kutoka lami kwenda chini ya mlima kuna kilomita kadhaa za vumbi, au tope, inategemea mwezi. Noah yetu iligoma kabla ya kufika, tukamalizia kwa miguu. Wakala alijua tunakwenda wapi. Angeleta gari ya juu.

Sasa mwongozaji. Ni kijana wa kijiji cha pale pale, wakala anamkodi tu. Alitupokea na fimbo kavu alizokuwa amezificha chini ya mti, akampa kila mtu ya kimo chake. Akatazama raba nyeupe za mke wangu, akacheka kidogo. "Shem, mzizi usiukanyage. Kanyaga udongo pembeni yake." Maneno hayo ndiyo yaliyotufikisha juu. Msitu wa Uporoto hauna siku ya kukauka vizuri, na mizizi iliyolowa inateleza kuliko tope lenyewe. Tuliompuuza tuliijua ardhi kwa makalio.

Mwendo si mrefu, kama saa moja na nusu kwa mtu wa kawaida, ila mwinuko umejificha mwishoni, mahali pumzi imeshapungua. Njiani kuna mianzi, migomba-mwitu na miti iliyovaa kuvu la kijani mpaka matawini. Mbega tuliwasikia kabla ya kuwaona. Yule kijana ndiye aliyemwona kinyonga mwenye pembe tatu puani, ametulia kwenye tawi usawa wa macho yetu, na sote tulikuwa tumeshampita. Ni aina ya milima hii ya kwetu ya kusini, huwezi kumkuta Kilimanjaro. Mke wangu aliruka nyuma hatua mbili, maana kwao kinyonga ni mkosi, kisha akarudi kumpiga picha.

Tulipofika ukingoni hatukuona kitu. Ukungu mtupu. Dereva akaanza kupiga simu: bosi, mshuke, nina abiria wengine saa tisa. Hapo ndipo unapojua nani anakuhudumia na nani anakusafirisha. Kijana akatandika koti lake la mvua, akasema, "Kaka, tukae. Unafunguka huu." Tukakaa. Akatupigia stori za wazee, kwamba Wajerumani walizamisha mali zao humo na kwamba ziwa lina wenyewe. Sikumbishia.

Ukungu ulianzia kuondoka upande wa mbali, ukabaki ukining'inia kwenye kuta, na maji yakatokea chini kabisa, kama mita 200 hivi, ya kijani kizito, yametulia. Ziwa lina urefu wa zaidi ya kilomita 2 na kina cha mita 70 na ushee, na hakuna mto unaoonekana kutoka humo. Kila mtu atakuambia ni la pili kwa ukubwa Afrika katika maziwa ya kreta, mimi sikupima. Nilichokiona ni shimo la volkeno lililojaa maji, na mlima wenyewe haujapoa ndani, ndiyo maana serikali inahangaika na jotoardhi, yaani joto la chini ya ardhi la kuzalishia umeme, hapo Ngozi.

Nilitaka kushuka mpaka majini. Kijana akakataa, mvua ilikuwa imenyesha usiku. "Kushuka ni dakika, kupanda ni machozi." Kuna waongozaji wangekubali ili waongezewe chochote. Huyu alipoteza hela mchana kweupe, na kwa hilo tu nilimpa bakshishi ambayo wakala hakuiweka kwenye bei. "Ndaga fijo," akasema, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, akakusanya fimbo zake.

Nikienda tena sipiti kwa wakala. Unapanda gari za Tukuyu, unashuka Isongole kwenye kibao cha ziwa, bodaboda inakufikisha msituni. Mwongozaji mtafute kijijini na mpatane bei kabla ya kuanza. Kiingilio lipa kwa namba ya malipo ya serikali na udai risiti. Mtanzania halipi sawa na mgeni. Nenda kati ya Juni na Oktoba, anza asubuhi, vaa gambuti, beba sweta hata kama Mbeya umeacha jua. Watoto wadogo wabaki nyumbani. Kurudi, gari zinazotoka Tukuyu jioni zinafika Isongole zimeshajaa, jiandae kusimama mpaka Uyole.