HLS kwenye simu: itifaki nzuri iliyosahau bando

HLS (HTTP Live Streaming), itifaki, yaani utaratibu, ya kurushia video mtandaoni iliyotolewa na Apple mwaka 2009, ilifanya uamuzi ambao hadi leo nauona kuwa sahihi: kuchagua ubora wa picha si kazi ya seva (kompyuta inayotuma video), ni kazi ya simu, kwa sababu simu ndiyo inayoonja hali halisi ya mtandao pale ilipo. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, kila kipande kikaandaliwa kwa viwango kadhaa vya ubora, na seva hubaki kutoa mafaili kwa HTTP ya kawaida, njia ileile inayofungulia kurasa za wavuti.

Ukifungua faili kuu la orodha, lenye jina linaloishia na m3u8, utakuta maandishi yanayosomeka bila taabu: kila kiwango kina mstari wenye neno BANDWIDTH na idadi ya biti kwa sekunde, na chini yake anwani ya kufuata. Simu hupima kasi iliyopata kwenye kipande kilichotangulia, huilinganisha na orodha hiyo, kisha huomba kipande kinachofuata kwa ubora inaoumudu; ndiyo maana mtu akitoka kwenye Wi-Fi na kuingia kwenye data, mara nyingi picha hufifia badala ya kukwama.

Kwa matangazo ya moja kwa moja sifa hizo hupungua. RFC 8216, waraka wa mwaka 2017 unaoeleza HLS, unashauri simu ianze angalau urefu wa vipande vitatu kabla ya mwisho wa orodha ya vipande, kwa hiyo vipande vya sekunde 6 humweka mtazamaji nyuma kwa sekunde 18 au zaidi. Toleo la ucheleweshaji mdogo, lililotangazwa mwaka 2019, lilikuja kuziba pengo hilo.

Lawama yangu kubwa ni kwamba mstari ule wa BANDWIDTH unataja kasi, na pengine vipimo vya picha, lakini gharama ya data haimo, na kanuni ya kuchagua ubora imeachiwa watengenezaji wa programu, hivyo programu isiyowekewa ukomo inaweza kupanda hadi ubora wa juu kabisa mtandao unapokuwa mzuri, hata kama kioo ni kidogo na bando linakaribia kuisha. Ningeipendekeza HLS kwa huduma yoyote ya video, mradi kitufe cha kuweka ukomo wa ubora kikae kwenye kioo cha kutazamia, mahali ambapo mwenye bando atakiona.